Namna ya Kusoma Utabiri wa Hali ya Hewa wa Mwezi wa Mei Ukiwa Lamu au Malindi

Mei ni mwezi ambao taarifa moja ya hali ya hewa ya Kenya hubeba habari zinazoonekana kupingana. Ukurasa uleule unaoonya juu ya mvua kubwa na mawimbi katika Pwani huweza kusema pia kwamba Turkana itabaki kavu na yenye joto la mchana linalopita nyuzi 35, kwamba mvua za Wajir na Mandera zinaelekea kukatika, kwamba Kakamega na Kisii zitapata ngurumo za alasiri, na kwamba baridi ya usiku huko Nyandarua itashuka chini ya nyuzi 10. Msomaji wa Lamu anayepokea kipande cha taarifa hiyo katika simu, au anayesikia muhtasari wake redioni, huweza kuchukua habari ya mahali pasipo pake akaifanyia kazi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuisoma taarifa hiyo kwa manufaa ya mtu anayeishi baina ya Malindi na Kiunga: aanze na safu ya mahali pake, kisha apande juu ya mito, kisha ageukie bahari. Mpangilio huo nauona bora kuliko kufuata ukurasa kuanzia juu hadi chini, kwa kuwa ukurasa wenyewe umeandikwa kwa ajili ya nchi nzima na mkazi wa pwani hahudumiwi na mistari yake ya kwanza.

Kwa nini Mei huigawa nchi

Kenya haina majira manne ya nchi za kaskazini. Wakati watu wa Ulaya wanapokaribia kuyamaliza majira yao ya machipuko, sisi huwa tuko mwishoni mwa masika, msimu ambao watabiri huutaja kwa miezi yake mitatu, Machi, Aprili na Mei. Mvua za msimu huo huletwa na ukanda wa mawingu unaolifuata jua. Mwezi wa Aprili ukanda huo huwa juu ya Kenya, na takriban kila eneo hupata fungu lake. Ifikapo Mei huwa umeshaanza kupanda kuelekea Ethiopia na Sudan Kusini, na nyuma yake kaunti za kaskazini mashariki, pamoja na nyanda za chini za Kitui, Makueni na Taita Taveta, huanza kukauka.

Magharibi hakukauki, kwa sababu Ziwa Victoria na hewa yenye unyevu itokayo upande wa Kongo huendelea kulisha mawingu ya alasiri kwa miezi mingine kadhaa. Pwani nako hakukauki, ila kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni kuingia kwa kusi. Upepo huo hutoka kusini mwa Bahari ya Hindi ukiwa umebeba unyevu mwingi. Unapogusa nchi kavu hupungua kasi, hewa husongamana na kupanda, na mvua hunyesha palepale ufuoni na maili chache ndani yake. Hewa hiyo ikishaingia bara na kujipenyeza baina ya milima ya Kenya na ile ya Ethiopia, huongeza kasi tena na kulipita eneo la Turkana bila ya kuacha tone. Kwa hiyo tofauti kubwa unayoiona baina ya safu ya Pwani na safu ya kaskazini magharibi si dalili ya kwamba mtabiri amekosea mahali. Kwa sehemu kubwa ni kazi ya upepo mmoja.

Ukubwa wa tofauti hiyo unastahili kukumbukwa kwa tarakimu. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Lamu na Malindi, na peke yake hukaribia theluthi ya mvua ya mwaka mzima. Kwa wastani, mvua ya Mei moja ya Lamu huizidi mvua ya mwaka mzima ya Lodwar, huko Turkana. Mwaka wa 2017 uliidhihirisha hali hiyo vizuri: mwezi wa Februari serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na mwezi wa Mei wa mwaka huohuo mafuriko yakazikumba Mombasa na Kwale, ilhali wafugaji wa kaskazini walikuwa bado hawajainuka kutokana na hasara ya mifugo. Aliyesema kuna ukame alisema kweli, na aliyesema kuna mafuriko alisema kweli pia.

Itafute safu yako kwanza

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, yenye makao yake makuu Dagoretti Corner jijini Nairobi, huzikusanya kaunti katika kanda inapotoa taarifa ya kitaifa. Ukanda unaokuhusu huitwa wa Pwani, nao huwa na Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu na sehemu ya Tana River iliyo karibu na bahari. Sehemu ya ndani ya Tana River huwekwa pamoja na nyanda za chini za kusini mashariki, na Garissa huwekwa kaskazini mashariki pamoja na Wajir, Mandera, Isiolo na Marsabit. Kabla ya kusoma neno lolote la utabiri, soma majina ya kaunti yaliyotajwa mwanzoni mwa aya. Usiposikia jina la Lamu, Kilifi au neno Pwani, aya hiyo si yako.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalowaponyoka watu wengi. Katika baraza moja la ufukoni hapa Lamu, kijana aliyekuwa akipitia simu yake aliinua kichwa akamwambia mzee aliyekaa karibu naye, “Ami, wamesema mvua itapungua juma hili.” Mzee huyo, ambaye aliwahi kuwa nahodha wa jahazi, hakumwuliza itapungua kwa kiasi gani. Alimwuliza, “Itapungua wapi, mwanangu?” Kijana akarudi juu ya ukurasa, akaona kwamba sentensi aliyoisoma ilikuwa ya Garissa na Wajir. Safu ya Pwani, mistari michache chini yake, ilisema kwamba mvua itaendelea na upepo wa kusini utazidi nguvu.

Wako pia watu wanaokaa mpakani mwa kanda mbili, nao wanapaswa kusoma safu mbili. Mvua ya kusi hupungua haraka kadiri mtu anavyoiacha bahari, kwa hiyo mkazi wa Basuba au Pandanguo, na hasa mfugaji anayehama baina ya Witu na Ijara, atafaidika zaidi akiilinganisha safu ya Pwani na ile ya kaskazini mashariki, akitarajia hali iliyo katikati yake. Vivyo hivyo kwa upande wa Malindi: mkulima wa Langobaya au Ganze asiichukue safu ya Pwani kama ilivyo, kwa sababu shamba lake linafanana zaidi na nyanda za chini kuliko linavyofanana na ufuo wa Mambrui.

Angalia vilevile umri wa taarifa. Utabiri wa msimu mzima wa masika hutolewa kabla ya msimu kuanza, wa mwezi hutolewa mwezi unapokaribia, na wa siku saba hutolewa kila juma. Panapotokea hatari hutolewa tahadhari maalumu yenye saa ya kuanza na saa ya kwisha. Taarifa hizi zikitofautiana, ifuate iliyo mpya zaidi. Masika ni msimu mgumu kutabirika kuliko vuli, kwa kuwa vuli huongozwa sana na joto la maji ya Pasifiki na la Bahari ya Hindi, mambo ambayo huonekana miezi kadhaa kabla, ilhali masika hubadilishwa na mawimbi ya mawingu yanayozunguka ukanda wa ikweta kwa muda wa majuma machache. Kwa sababu hiyo utabiri wa msimu naupa uzito wa kupangia mbegu na akiba, na ule wa siku saba naupa uzito wa kupangia safari. Picha ya ujumbe isiyokuwa na tarehe haina uzito wowote, hata ikiwa na nembo ya idara.

Yasome maneno yenye kipimo

Neno linalopotosha kuliko yote ni “wastani”. Taarifa inaposema kwamba mvua itakuwa juu ya wastani Turkana na chini ya wastani Lamu, msomaji hudhani kwamba Turkana itanyeshewa kuliko Lamu. Kila mahali hulinganishwa na historia yake pekee. Mei iliyo chini ya wastani Lamu bado huweza kujaza mapipa yote ya nyumba, na Mei iliyo juu ya wastani Lodwar huweza kupita bila ya bonde kutiririka. Kwa hiyo usilinganishe rangi za ramani baina ya mikoa. Linganisha rangi ya mahali pako na Mei unazozikumbuka za hapohapo.

Ramani ya msimu mara nyingi huonyesha pia asilimia tatu kwa kila eneo. Miaka ya nyuma imepangwa katika mafungu matatu yaliyo sawa, yenye mvua nyingi, ya kati na yenye mvua chache, kisha mtabiri husema uwezekano wa mwaka huu kuangukia katika kila fungu. Tuseme eneo limepewa asilimia 45 kwa fungu la mvua nyingi, 35 kwa la kati na 20 kwa la mvua chache. Hiyo ni kusema kwamba mvua nyingi inatarajiwa zaidi, lakini fungu la tatu lina nafasi moja katika tano, na nafasi moja katika tano hutokea. Mkulima wa Mpeketoni anayeweka mbegu yake yote ya mahindi katika shamba la bondeni kwa kutegemea asilimia 45 amecheza kamari ambayo taarifa haikumwambia aicheze.

Katika utabiri wa juma, utakuta maneno “sehemu chache”, “sehemu kadhaa” na “sehemu nyingi”. Haya si mapambo ya lugha. Sehemu chache ni chini ya theluthi moja ya eneo lililotajwa, sehemu kadhaa ni baina ya theluthi moja na mbili, na sehemu nyingi ni zaidi ya theluthi mbili. Ukiona “manyunyu ya asubuhi katika sehemu chache”, basi yamkini mvua itanyesha Shela na Lamu mjini pakavu, na hakuna atakayekuwa amedanganywa.

Mvua kubwa nayo ina kipimo chake. Tahadhari nyingi za idara huanzia milimita 20 katika saa 24. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba, kwa hiyo paa la mabati lenye mita 60 za mraba litapokea lita 1,200 katika mvua ya kiasi hicho. Ukitoa yanayomwagika na yanayotangulia kuosha vumbi na kinyesi cha ndege, lita 900 hivi zitafika kwenye tangi. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya mvua, na hasa katika visiwa vya Pate na Ndau ambako maji ya jabia, yaani birika la kuhifadhia maji ya mvua, ndiyo tegemeo la miezi ya kiangazi. Anayejua kwamba juma lijalo lina mvua ya sehemu nyingi husafisha paa, huzibua mfereji na kuziba ufa wa jabia sasa, badala ya kuyatazama maji yakienda baharini.

Saa pia zisomwe kwa makini. Mvua ya kusi huku kwetu hupenda usiku wa manane, alfajiri na asubuhi, ilhali ya magharibi na Bonde la Ufa hupenda alasiri na jioni. Muhtasari wa kitaifa unaosema “ngurumo za alasiri” unaelekea kuwazungumzia wao. Na ikiwa unatazama picha ya setilaiti au jedwali lililoandikwa kwa saa za Greenwich, ongeza saa tatu upate saa ya Kenya: saa 06:00 ya jedwali ni saa tatu asubuhi kwetu.

Panda juu ya mito

Baada ya safu yako, isome safu ya nyanda za juu zilizo mashariki mwa Bonde la Ufa, yaani Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu, Meru, Nyandarua, Kiambu na Nairobi. Huko ndiko mito yetu inakozaliwa. Mto Tana, ulio mrefu kuliko yote nchini, hupata maji yake katika Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hushuka Garissa na Hola, na kufika delta yake baina ya Garsen na Kipini. Maji hayo huchukua siku kadhaa njiani. Ndiyo maana mtu wa Garsen huweza kuamka chini ya anga safi akakuta mto umeshapanda hadi uani.

Kanuni ya kufuata ni nyepesi: taarifa ikitaja mvua kubwa ya siku mfululizo katika nyanda hizo, na hasa ikiwa habari za kufurika kwa bwawa la Masinga zimeanza kusikika, chukulia kwamba bonde la chini la Tana litapata maji katika siku zinazofuata, hata kama safu ya Pwani haitaji chochote kikubwa. Kwa mkazi wa kisiwa cha Lamu athari yake huja kwa njia ya barabara. Bidhaa nyingi hutoka Mombasa kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha huvushwa kwa boti. Barabara hiyo inapofunikwa na maji upande wa Gamba, kama ilivyotokea katika mafuriko ya El Niño ya mwishoni mwa 2023, malori hukaa, na bei ya nyanya na vitunguu katika soko la mbele ya ngome huwa ndiyo taarifa ya hali ya hewa inayosomwa na kila mtu. Mwenye duka akiisoma safu ya Nyeri mapema, ataagiza unga na mafuta kabla ya lori la mwisho. Mwenye mgonjwa anayetazamiwa kupelekwa hospitali ya Mombasa afanye hesabu hiyohiyo.

Malindi ina mto wake wa kuutazama. Sabaki huanzia karibu na Nairobi ukiitwa Athi, hukutana na Tsavo ukawa Galana, na huingia baharini kaskazini kidogo ya mji. Nairobi na Machakos zikinyeshewa sana, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya matope, na wavuvi wa karibu na ufuo hulazimika kutafuta maji safi mbali zaidi. Isitoshe, mitambo ya maji ya Baricho iko kando ya mto huohuo, na ndiyo inayolisha Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa. Mafuriko ya Sabaki huweza kuufanya mji ukose maji ya mfereji katikati ya mvua, jambo linaloshangaza wageni na lisilopaswa kumshangaza mwenyeji. Jaza matangi wakati mto bado uko chini.

Kisha ndipo bahari

Hapa ndipo taarifa ya kitaifa inapokuwa fupi kuliko inavyotakiwa, na ndipo msomaji wa Lamu anapohitaji kuongeza maarifa yake mwenyewe. Upepo wa baharini hutajwa kwa noti, kipimo cha mabaharia ambacho noti moja ni karibu kilomita 1.85 kwa saa. Tahadhari za idara kwa kawaida hutajwa upepo unapotazamiwa kupita noti 25, ambazo ni kama kilomita 46 kwa saa, na mawimbi yanapotazamiwa kupita mita mbili. Kiasi hicho ni cha bahari kuu. Ndani ya mkondo ulio baina ya kisiwa cha Lamu na Manda, upepo huohuo huweza kuwa mwepesi, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu utulivu wa gati hauelezi kitu juu ya mlango wa kutokea bahari kuu.

Mlango wa Shela na ule wa Kipungani hutazama kusini, yaani hutazamana na kusi uso kwa uso. Maji yanapokupwa, mkondo hutoka nje kwa nguvu na kukutana na mawimbi yanayosukumwa ndani na upepo. Mawimbi hayo hufupika, husimama wima na kuvunjika. Saa chache baadaye, maji yakijaa na mkondo ukafuata upande mmoja na upepo, mlango huohuo hulainika. Kwa hiyo soma mambo matatu kwa pamoja: noti za upepo katika taarifa, saa ya maji katika jedwali la kupwa na kujaa, na umri wa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa kuna bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na siku moja au mbili baadaye mkondo huwa na nguvu kuliko siku nyingine zote. Tofauti baina ya maji makavu na maji makuu huweza kufika mita tatu. Bamvua katika pwani hii hujaa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na kukauka karibu na saa nne. Nahodha anayesoma “noti 25” katika siku ya mwezi kumi na sita asitoke Shela kwenda nje wakati wa maji kutoka, hata kama abiria wanamharakisha na nauli imeshalipwa. Siku za maji mafu, baina ya bamvua mbili, ndizo za kupangia safari ndefu katika mwezi wa Mei, ikiwa safari haina budi.

Wanaokwenda Faza, Kizingitini na Kiwayu wana njia ya ndani ya Mkanda, ambayo huwakinga na bahari kuu lakini huhitaji maji ya kutosha. Hapa hesabu hugeuka: bamvua iliyo mbaya mlangoni humpa mwenye boti kubwa nafasi ya kupita Mkanda maji yakijaa, ilhali maji mafu huweza kumfanya asubiri. Wenye kuvua nje ya miamba, kuelekea Tenewi au Kinyika, hawana kinga hiyo, na kwao tahadhari ya upepo iwe ni amri ya kubaki ndani ya hori. Jaketi okozi zivaliwe tangu gatini. Zikiwa zimefungwa chini ya turubai hazina kazi. Mtu anayebaki nchi kavu aarifiwe pia kabla ya kutoka, ajue boti inakwenda wapi na inatazamiwa kurudi saa ngapi.

Vimbunga ni jambo la nadra hapa, kwa kuwa tuko karibu mno na ikweta na mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuyasokota mawingu. Hata hivyo Mei ya 2024 ilionyesha kwamba nadra si sawa na kamwe. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, Tanzania, na katika juma la tatu la mwezi huohuo kimbunga Ialy kilipanda kutoka kusini hadi kikaikaribia pwani ya Kenya na Somalia, kikaleta upepo mkali na bahari iliyochafuka. Yote hayo yalitokea wakati bara likizika wafu wa mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, na vichwa vya habari vikiwa vimeshikwa na mito. Jina la kimbunga likitajwa katika taarifa, tafuta mambo mawili tu: kiko latitudo gani, na kinaelekea upande gani. Malindi iko kiasi cha nyuzi tatu kusini mwa ikweta na Lamu nyuzi mbili na kidogo. Kimbunga kilicho Msumbiji kikielekea kusini huweza hata kuvuta unyevu wetu na kutuachia siku za jua. Kilicho kaskazini mwa Madagascar kikipanda juu kinakuhusu hata kama mbingu ya Lamu ni nyeupe.

Wazee wa bahari wana hesabu yao ya Nairuzi, yenye siku 365 zilizogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada, na bado wapo wanaoujua mwongo ambao nje hakuendeki. Siioni sababu ya kuidharau, wala siioni sababu ya kuiacha taarifa ya idara kwa ajili yake. Hesabu hiyo haiongezi siku katika mwaka mrefu, kwa hiyo huteleza siku moja kila miaka minne, nayo hueleza tabia ya msimu. Haiwezi kujua kwamba Jumatano hii upepo utapanda kutoka noti 15 hadi 28.

Weka kipimo chako

Taarifa ya kitaifa hutumikia vizuri zaidi ikilinganishwa na kitu ulichokipima mwenyewe. Chukua kopo lenye pande zilizonyooka, mdomo wake ukiwa na upana sawa na kitako, ulisimamishe juu ya kigingi mahali pa wazi, mbali na paa na mti kwa kadiri ya mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ambayo vituo vya idara navyo husoma vipimo vyao, tumbukiza rula, andika milimita katika daftari, kisha mwaga maji. Katika safu ya pili andika kile ambacho utabiri wa siku saba ulikisema juu ya Pwani. Kabla ya masika kwisha utajua kama mtaa wako hunyeshewa zaidi au pungufu ya “sehemu kadhaa”, na kama upepo wa taarifa hukufikia siku hiyohiyo au siku ya pili yake. Daftari hilo lina manufaa kwa mwenye shamba la ufuta katika eneo la Hindi, Lamu, na lina manufaa makubwa zaidi kwa wenye mashamba ya chumvi wa Gongoni na Marereni, ambao mvua moja ya usiku huyeyusha walichokikausha kwa majuma, na ambao hujua kwamba Mei ni mwezi wa kufunika malundo na kukarabati kuta za mabwawa.

Mwishoni mwa Mei idara hutoa utabiri wa Juni, Julai na Agosti. Ukishatoka, uache ule wa masika na uanze upya na safu ya Pwani. Vichwa vya habari vitahamia kwenye baridi na mawingu ya Nairobi na nyanda za juu, na kaskazini mashariki itaandikwa kavu tupu, lakini safu yako huenda ikasema kwamba mvua za asubuhi zinaendelea hadi Juni na kwamba kusi inafikia kilele chake. Mito ya Tana na Sabaki itakuwa ikishuka, kwa hiyo ile safu ya nyanda za juu unaweza kuipitia haraka. Muda huo upeleke kwenye mstari wa noti na mawimbi, usomwe kila jioni kabla ya kutoka na usomwe tena alfajiri, kwa sababu upepo wa Julai hubadilika usiku mmoja.